Mita 60 Huhesabiwa Kutoka Wapi?

Simama ufuoni Nyali au Bamburi, Mombasa, siku ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, saa ambayo maji yamefika kilele. Mahali pengi utayaona yakigonga ukuta. Rudi baada ya wiki moja, wakati wa maji mafu, usubiri kilele tena. Safari hii maji yataishia chini kabisa, na mbele ya ukuta uleule patakuwa na mchanga mkavu wa kutosha watoto kupiga mpira. Mpimaji akija siku ya pili, ploti ina nafasi ya kujenga. Angekuja siku ya kwanza, haina.

Mizozo mingi ya ufuo katika pwani ya Kenya imetia mizizi hapo, iwe ni ukuta uliofunga njia ya wavuvi au hoteli iliyosogeza baa yake mbele. Watu hubishana juu ya ajira, utalii na nani alimjua nani, na hayo yana uzito wake. Lakini fungua faili lenyewe, na kitu cha kwanza utakachokikosa ni maelezo ya mstari: maji yaliyopimwa ni maji gani, ya siku gani, msimu gani.

Kanuni za Upimaji, zilizo chini ya Sheria ya Upimaji, Sura 299, zinasema kwamba ardhi ya serikali isiyogawiwa inapopimwa ili igawiwe, na ikawa inapakana na bahari, utengwe ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa. Ukivuka mpaka pale Vanga ukaingia upande wa Tanga, hesabu ni hiyohiyo, mita 60. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya umbali huo kutoka ufuoni, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inauhesabu ukanda huohuo kuwa ardhi ya hatari. Bahari ni moja na pepo ni zilezile. Pande zote mbili za mpaka, nambari haina maana mpaka ijulikane sifuri yake iko wapi.

Kilindini, bandari ya Mombasa, kilele cha bamvua na kilele cha maji mafu hutofautiana kwa zaidi ya mita 1 ya kwenda juu. Mita hiyo moja utaielewa ukiilaza juu ya mchanga. Kama ufuo unapanda mita 1 kwa kila mita 10 unazotembea, basi tofauti hiyo inakuwa zaidi ya mita 10 za ardhi. Sehemu moja ya sita ya ukanda wa mita 60 imepatikana au imepotea kwa kuchagua siku tu. Ufuo ukiwa bapa zaidi, unapanda mita 1 kwa kila mita 20, tofauti inapita mita 20, na theluthi ya ukanda imekwenda.

Halafu kuna misimu. Wakati wa kusi, takriban Aprili hadi Oktoba, mawimbi hutoka kusini-mashariki na kuusukuma mchanga kuelekea kaskazini. Kaskazi ikiingia, kuanzia Novemba hadi Machi, mchanga huanza kurudi. Ndiyo maana ufuo uleule unaweza kuwa mnono Februari na kubaki mawe matupu Julai. Ramani iliyopimwa mwezi mmoja tu inaeleza mwezi huo. Kwa ombi lolote la kujenga karibu na maji, afisa wa mipango ana haki ya kudai vipimo viwili, kimoja cha kusi na kimoja cha kaskazi, na kila kimoja kiandikwe tarehe, saa na kimo cha maji kwa mujibu wa jedwali la maji la Kilindini. Mpimaji anazifanya kazi hizo mbili kwa asubuhi mbili. Ukilinganisha na gharama ya kubomoa, ni kitu kidogo sana.

Pasipo na vipimo, ufuo wenyewe unasema. Tafuta kwanza mstari wa juu kabisa wa mwani mkavu, makumbi na vijiti, kwa sababu bamvua huviacha pale inapokomea. Juu yake kidogo utakuta mlakasa, ule mmea unaotambaa mchangani wenye maua ya zambarau na jani lililogawanyika kama kwato. Mlakasa huvumilia chumvi na marasharasha, lakini hauoti mahali ambapo mawimbi huuchimbua kila mwezi. Ukikuta mizizi yake imezama vizuri mchangani, mstari umetulia. Ukikuta imening'inia hewani kwenye kingo iliyokatika wima, kama nyuzi zilizochomoka kwenye mkeka, ufuo huo unaliwa, na alama ya maji kujaa iliyo kwenye hati ya zamani imeshapitwa. Waulize pia wavuvi wa BMU, kikundi cha kusimamia ufuo, ya hapo. Wao wanajua dau huvutwa mpaka wapi usiku wa bamvua la Machi, na ujuzi huo ukiandikwa na kutiwa sahihi na watu watatu wanne wa bandari hiyo, ni ushahidi ambao afisa hawezi kuupuuza kwa urahisi.

Sasa tuje kwenye hati, maana hapa ndipo wakazi wengi huteleza wanapoandika pingamizi. Kanuni ya mita 60 inahusu ardhi ya serikali wakati inapogawiwa. Ule ukanda wa maili 10 wa pwani una hati nyingi za umiliki wa kudumu zilizotokana na Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, na zipo ploti za mstari wa kwanza ambazo mpaka wake wa upande wa bahari ni alama ya maji kujaa yenyewe. Mwenye hati ya namna hiyo akisema kwamba hakuna mita 60 zilizotengwa mbele yake, huenda anasema kweli. Pingamizi linaloanza kwa maneno "amejenga katika ardhi ya umma" litaangushwa siku ya kwanza, na mengine yote yaliyomo yataanguka nalo.

Hoja iliyo imara ni kwamba kumiliki ardhi hakumpi mtu ruhusa ya kuiendeleza. Mwenye hati ya 1908 na mwenye hati ya juzi wote wanahitaji ruhusa ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, na mradi ukiwa wa aina inayohitaji hivyo, leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Na chini ya alama ya maji kujaa wote wawili hawana chao. Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inaitaja ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma, iliyo mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi na kusimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Ngazi ya kuteremkia mchangani, kitako cha ukuta, bomba la maji machafu: chochote kati ya hivyo kikivuka alama hiyo, kaunti peke yake haina uwezo wa kukihalalisha.

Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote, pata nakala ya ramani ya upimaji ya ploti hiyo na uangalie mpaka wa mbele umeelezwaje. Kuna namna mbili. Ukiwa umefungwa kwa bikoni mbili, yaani alama za mpaka zilizosimikwa ardhini, na mstari ulionyooka kati yake, mpaka huo hautembei, na inawezekana bahari imeshazipita bikoni zenyewe. Ukiwa umeandikwa kuwa ni alama ya maji kujaa, mpaka unafuatana na maji: bahari ikipanda, ploti inapungua. Mwenye ploti anayeomba ukuta "kulinda mpaka wangu" katika hali hii ya pili anaomba kuugandisha mpaka ambao hati yake mwenyewe inasema unatembea. Hoja hiyo iandike waziwazi.

Malindi mambo ni kinyume. Mto Sabaki hushusha udongo mwingi kutoka bara, na ufuo wa ghuba ya Malindi umekuwa ukisonga mbele kuelekea baharini, hata hoteli zilizokuwa karibu na maji sasa zimetengwa nayo na uwanja mrefu wa mchanga. Huko kishawishi ni kuusogeza uzio ufuate maji. Lakini mchanga ulioletwa na mto mvua hii unaweza kuondoka mvua nyingine ikipungua au mto ukibadili mdomo wake, na jengo la kudumu juu yake litadai ukuta kabla halijafikisha miaka kumi.

Nani basi mwenye uwezo wa kulegeza masharti? Kanuni za Upimaji zina mlango wake: katika hali maalumu, Waziri anaweza kuagiza ukanda uwe chini ya mita 60. Huyo ni waziri wa serikali ya kitaifa. Waziri wa kaunti anayehusika na ardhi hutoa ruhusa ya uendelezaji, mabadiliko ya matumizi, kuongeza matumizi, kugawa ploti, pamoja na kuamua umbali wa jengo kutoka mpaka kwa mujibu wa mpango wa eneo. Ni mamlaka mawili tofauti. Kaunti ikiidhinisha jengo mita 12 kutoka majini mahali ambapo ukanda ulitengwa, ukanda haujapungua hata shibiri. Kilichopatikana ni karatasi ambayo siku moja haitamkinga aliyeishika. Agosti 2018 majengo kadhaa ya kando ya mito ya Nairobi yalibomolewa, na wenyewe walikuwa na vibali mkononi. Nawahurumia, maana wengine walifuata kila walichoambiwa dirishani. Kwa hiyo kulidai jibu sahihi mapema ni kumlinda hata mwombaji.

Sheria ya 2019 inakwenda kwa saa, na saa hizo inafaa kuzijua kwa moyo. Ombi likipokewa, ndani ya siku 7 nakala zinatakiwa zifike kwa mamlaka zinazohusika, nazo zina siku 14 za kutoa maoni. Mwombaji anatakiwa autangazie umma mradi wake, na umma ualikwe kutoa pingamizi. Asipopata jibu la maandishi kwa siku 60, ruhusa inahesabiwa kuwa imetolewa.

Sharti hilo la siku 60 liliwekwa ili kumwokoa mwananchi na ofisi zinazolalia mafaili, na kwa nyumba ya vyumba vitatu kule bara ni ulinzi mzuri. Ufuoni linageuka. Ombi gumu, lile linalohitaji maoni ya NEMA, Shirika la Huduma za Misitu na Tume ya Ardhi, ndilo linalochelewa zaidi, kwa hiyo ndilo lililo karibu zaidi kupita kwa ukimya. Kaunti yenye nia njema humjibu mwombaji kwa maandishi kabla ya siku hiyo, hata kama jibu ni kumtaka alete vipimo vya bamvua na kumwambia kwamba ombi halijakamilika bila hivyo. Mkazi anayefuatilia faili aihesabu siku ya 60 kwenye kalenda yake na aulize kwa barua, mapema, kama jibu limeshatoka.

Kukata rufaa ni siku 14 tangu uamuzi, kwa kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango, na anayeruhusiwa si mwombaji peke yake. Jirani na kikundi cha wavuvi wanaweza kwenda kama watu wenye maslahi. Ubaya ni kwamba siku 14 zinaanza uamuzi unapotolewa, na jirani mara nyingi hupata habari lori la mawe linapofika. Kwa hiyo barua ya pingamizi iwe na ombi lililo wazi la kuarifiwa uamuzi siku ileile unapotolewa, na anwani ya kupelekewa. Leseni ya NEMA ina njia yake: rufaa huenda kwa jopo la kitaifa la rufaa za mazingira, ndani ya siku 60. Watu huzichanganya njia hizi mbili, wakasubiri moja imalizike ndipo waanze nyingine, na ile ya siku 14 ikafungwa wakiwa wanangoja. Zifungue zote mbili.

Kwa nini kelele zote hizi kwa ukuta mmoja? Kwa sababu mchanga hauna mipaka ya ploti.

Wimbi linalopanda ufuo mtupu hupoteza nguvu kidogo kidogo, sehemu ya maji inazama mchangani, na linaporudi halina nguvu ya kubeba kila lilichokileta. Likigonga ukuta wima, nguvu karibu yote inarudi. Linachimba kwenye kitako, na kipimo ambacho wahandisi hukitumia kama makadirio ya kwanza ni kwamba shimo linaweza kwenda chini kwa kina kinachokaribia kimo cha wimbi lenyewe. Wimbi la mita 1 mbele ya ukuta, basi, linataka msingi ulioshuka zaidi ya mita 1 chini ya kiwango cha chini kabisa cha mchanga, yaani kile cha katikati ya kusi. Fundi aliyechimba msingi Februari, mchanga ukiwa mwingi, akashuka mita moja na kuridhika, atakuta Julai ukuta wake umekalia hewa.

Kosa la pili liko nyuma ya ukuta. Mvua kubwa ikinyesha, au maji ya bamvua yakiruka juu, udongo wa nyuma hujaa maji, na maji yakipwa upesi mbele, uzito wote unausukuma ukuta kuelekea baharini. Kuta nyingi za ufuo zilizoanguka zimelalia upande wa bahari, na mwenyewe husema mawimbi yameuangusha. Ulihitaji vitundu vya kutolea maji kwenye safu za chini, na nyuma ya vitundu hivyo kokoto na kitambaa maalumu cha kuchuja. Kitambaa kikikosekana, vitundu hutoa maji na mchanga pamoja. Dalili ya kwanza ni ndogo: nyuma ya ukuta, kwenye nyasi, utaona kijishimo cha duara kama cha kaa, ila hakina udongo uliotupwa pembeni. Ukitia mkono unafika kwenye kiwiko. Mchanga ulioshika ukuta unavuja, na wiki kadhaa baadaye sakafu ya juu itazama.

Hayo ni madhara ya mwenye ukuta. Ya jirani huanza pale ukuta unapoishia. Mchanga uliofungiwa nyuma haulishi tena ufuo, na mawimbi yanayozunguka ncha yake hula ploti inayofuata kwa umbo la mundu. Jirani, akiogopa, naye anaomba ukuta. Kila ombi la baadaye linaandikwa kwa maneno yaleyale: jirani ameshajenga. Kaunti ikishaidhinisha wa kwanza bila kuuliza mchanga unakwenda wapi, imeidhinisha safu nzima, na mwishowe kwa saa kadhaa za maji kujaa hakuna pa kupita kwa miguu, wala pa kuvutia dau, wala pa kasa kupandia kutaga. Kasa jike akikuta ukuta hurudi majini, au hutaga chini mno, na mayai yakafunikwa na bamvua linalofuata.

Kaskazini mwa Dar es Salaam, Kunduchi, somo hili lilikuja kwa gharama kubwa. Ufuo ulikuwa unalishwa na mchanga wa mito midogo kama Mbezi na Tegeta, na mchanga huo ukawa unachimbwa mitoni kwa ajili ya ujenzi. Ufuo ukaanza kuliwa, hoteli moja ikaanguka, nyingine zikajenga magati ya mawe ya kuushika mchanga uliobaki mbele ya ploti zao. Gati la mawe hushika mchanga upande unaotoka na kuunyima upande unaokwenda. Kwa hiyo mwenye ufuo alilazimika kupambana na uamuzi uliofanywa kilomita kadhaa barani, na ofisi iliyotoa kibali cha kuchimba mchanga mtoni. Ramani ya ombi la ufuo ikiishia kwenye bikoni za ploti haiwezi kuliona jambo hilo.

Shela, Lamu, kuudharau mchanga mtupu kunaweza kumnyima mtu maji ya kunywa. Vilima vile vya mchanga huchuja na kuhifadhi maji ya mvua, na visima vyake ndivyo vinavyoulisha mji wa Lamu. Kwa macho ya mnunuzi ni ardhi isiyo na kitu yenye mandhari nzuri. Ombi lolote la kujenga juu yake ni ombi juu ya tangi la mji.

Zipo kuta zinazostahili. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa 1593 juu ya mwamba wa matumbawe, haihamishiki, na bahari ilikuwa ikikila kitako chake; kuilinda kwa ukuta ni uamuzi ninaouelewa. Swali la kumwuliza kila mwombaji mwingine ni lilelile: je, kitu hiki kinaweza kusogezwa nyuma? Baa inaweza. Bwawa la kuogelea ambalo halijachimbwa linaweza zaidi.

Kaunti ikiamua kulegeza, kibali kiseme mambo yanayopimika. Kimo cha bamvua kilichotumika na tarehe yake. Jengo la mbele liwe la nguzo na makuti, linalofunguka, bila zege chini. Sharti la kuliondoa pindi kingo ya mchanga ikifika umbali uliotajwa kwa mita, liandikwe sasa, kabla hakuna aliyepata hasara. Taa za upande wa bahari ziwe chini na zimefunikwa. Njia ya umma iwe na upana ulioandikwa, na isiwe na geti. Mlakasa using'olewe kwa ajili ya "usafi wa ufuo". Mmea huo unashika mchanga bila malipo. Mivinje watu huipenda kwa kivuli, lakini mizizi yake haiendi chini vya kutosha, na ufuo ukianza kukatika huanguka na kung'oa bonge zima la kingo.

Na sharti la mikoko ndilo linaloandikwa vibaya kuliko yote. Misitu ya mikoko ya Kenya ni hifadhi ya serikali tangu 1932, kwa hiyo anayeikata kinyume cha sheria anaweza kuamriwa kuirejesha. Mara nyingi amri au sharti linasema apande miche elfu kadhaa. Anapanda, picha zinapigwa, baada ya mwaka hakuna kitu, na sharti kwenye karatasi limetimizwa.

Miche hufa kwa sababu zinazojulikana. Mikoko haioti popote penye tope. Huota juu ya wastani wa usawa wa bahari, mahali ambapo maji huifunika kwa chini ya theluthi moja ya muda. Tope tupu la chini, lile ambalo linavutia kupandwa kwa sababu halina mwenyewe, liko chini mno, na ndiyo maana halikuwa na mti hata mmoja tangu mwanzo. Halafu aina. Mbele kabisa baharini hukaa mlilana. Nyuma yake mkoko wenye mizizi ya magongo, pamoja na muia, kisha mkandaa, na mchu unaoonekana mbele na nyuma kabisa penye chumvi kali. Wapandaji huchagua mkoko kila mahali kwa sababu mbegu yake ni ndefu, inaokotwa kwa urahisi na inachomekwa bila kitalu. Ukiuchomeka kwenye nafasi ya mlilana, chaza wanang'ang'ania shina, mwani wa kusi unauinamisha, na bamvua la pili unaondoka nao.

Mbegu ya mkoko iliyokomaa ina pete ya manjano pale inapoungana na tunda. Isiyo na pete ikichumwa kwa nguvu haitaishi. Ikae kivulini, mahali pabichi, si juani kwenye gunia. Ichomekwe theluthi moja tu ya urefu wake, ncha iliyochongoka ikiwa chini, mche kwa mche mita 1, ambayo ni miche 10,000 kwa hekta. Mchu na mlilana vinataka kitalu kwanza. Mbuzi na ng'ombe wanaupenda mchu, kwa hiyo penye mifugo uzio ni sehemu ya bajeti.

Lakini kabla ya mche wowote, angalia maji. Katika hori la Mwache, karibu na Mombasa, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi uliofunika mizizi ya kupumulia, na mikoko ikafa ikiwa imesimama. Kupanda juu ya udongo huo bila kushughulikia mto unaouleta ni kuzika miche. Kwingine barabara imepita bila kalvati, au boma la shamba la chumvi limekata maji. Fungua hapo, acha maji yaingie na kutoka, na mara nyingi mbegu zitaletwa na bahari yenyewe, kila aina ikatua mahali pake. Gazi, Kwale, ambako wanakijiji chini ya Mikoko Pamoja wanatunza hekta 117 na wamekuwa wakiuza hewa ya ukaa tangu 2013, sehemu kubwa ya kazi ni kulinda miti iliyopo. Kwa hiyo sharti la kaunti lihesabu miti iliyo hai baada ya miezi 12 na miezi 36, pamoja na kalvati lililofunguliwa, na dhamana ya fedha irudishwe baada ya hesabu hiyo ya pili.

Kama una ufuo unaoujali na umesikia kuna ombi, subiri bamvua la Machi au la Septemba, ambayo huwa makubwa kuliko ya miezi mingine. Nenda nusu saa kabla ya kilele ukiwa na kigingi, nyundo, tepu ya mita 50 na simu. Maji yakisimama, gonga kigingi yalipokomea. Pima kutoka hapo hadi kona mbili za jengo au bikoni, kwa sababu kipimo kimoja hakiwezi kurudiwa na mtu mwingine na viwili vinaweza. Piga picha yenye kigingi, tepu na jengo pamoja, uandike saa, na kimo cha maji cha siku hiyo kutoka kwenye jedwali. Rudia siku inayofuata. Ambatisha yote kwenye barua kwa waziri wa kaunti, nakala kwa NEMA na Tume ya Ardhi, upigiwe muhuri wa kupokea kwenye nakala yako, na mwisho wa barua uandike: naomba mstari huu uoneshwe kwenye ramani ya mwombaji kabla ombi halijaamuliwa, na niarifiwe kwa maandishi siku litakapoamuliwa.